Ganzi ya meno: mdomo umekufa wote, gego linauma vilevile. Tatizo ni mimi, dawa au daktari?

#1 Kandambili
Wakuu, habari za jioni.

Jumatano nilikwenda kung'oa gego la chini kulia, la pili kutoka mwisho. Lilinitesa wiki tatu, usiku silali, nabana karafuu mpaka ulimi ukababuka. Daktari ni kijana, mpole. Akanichoma sindano ya kwanza kule nyuma kabisa ya taya. Baada ya muda kidogo nusu ya mdomo wa chini ikawa nzito, nikiugusa ni kama nagusa mdomo wa mtu mwingine. Akauliza, "Imeshika?" Nikajibu imeshika. Akaweka koleo. Wakuu, nilimdaka mkono kabla sijajua kama nimemdaka.

Akaongeza ya pili. Ya tatu. Ya nne akaipiga pembeni ya jino lenyewe. Mdomo umekufa, ulimi umekufa, mate yananichuruzika kifuani sina habari, lakini akigusa jino tu moto unapanda mpaka sikioni. Mwisho akaniandikia vidonge, akasema nirudi baada ya siku tano.

Kinachoniuma zaidi ni mke wangu. Yeye aling'oa la juu mwezi uliopita, kiti hichohicho, akachomwa vidogo viwili tu, akatoka anacheka. Sasa nyumbani naitwa muoga. Kuna watu ganzi haiwakubali? Au nilipigwa dawa feki?

#2 BwanaFisi
Shemeji ameshatoa hukumu. Mods fungeni uzi.

#3 ChumaChaReli
Mkuu unakunywa? Uliza mtu yeyote pale kijiweni, walevi ganzi haiwashiki. Eti ini limezoea sumu, dawa ikiingia linaichapa fasta.

#4 Kandambili
#3 bia mbili Jumamosi ndiyo ulevi?

#5 TabibuWaKata
Mimi ni tabibu wa meno, nipo kituo cha afya, mwaka wa kumi na moja huu. Kandambili, wala si uoga. Magego ya chini yenye maumivu ya muda mrefu ndiyo yanayotuumiza vichwa wote.

Sababu kubwa ni usaha. Dawa ya ganzi ili ipenye kwenye neva lazima sehemu yake iwe haina chaji. Kwenye nyama yenye afya, lignokeini (dawa ya ganzi tunayotumia sana) karibu robo yake inakuwa hivyo. Penye usaha pana tindikali. pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imezidi) ikishuka kutoka 7.4 hadi 6.4, ile robo inabaki kama asilimia 3. Dawa ipo hapo hapo, imejaa, ila haiingii ndani. Isitoshe pale penye uvimbe damu inapita kwa wingi, inaisomba.

Ndiyo maana alikupa vidonge. Uvimbe upungue kwanza.

#6 mama_Nuru
Asante Tabibu, leo nimejua kwa nini langu liligoma 2019.

#7 MzeeWaKoleo
Nimestaafu, nimeng'oa meno tangu enzi tunachemsha sindano kwenye sufuria. Naomba nimpinge mdogo wangu #5 kidogo.

Hesabu yako ya tindikali ni sahihi, ila sindano ya kwanza ya gego la chini haichomwi kwenye usaha. Inachomwa juu nyuma, upande wa ndani wa taya, pale neva inapoingia kwenye tundu la mfupa. Kutoka pale mpaka kwenye jino ni mwendo. Usaha uko mtaa wa tatu, wewe unasema umezuia dawa mtaa wa kwanza! Na ushahidi ni kwamba mdomo ulikufa, maana yake dawa iliingia kwenye neva vizuri tu.

Mimi nasema mambo mawili. Kwanza, hatusubiri. Mdomo unaweza kufa ganzi dakika ya tatu au ya tano, jino likachelewa mpaka ya kumi, hata kumi na tano. Foleni ni ndefu, mgonjwa akisema mdomo mzito tunakimbilia koleo. Pili, vijana wengi wanachoma chini mno. Ukichoma chini ya tundu, dawa inamwagika kwenye nyama. Sindano inatakiwa iguse mfupa kwa upole, uusikie, urudi nyuma milimita moja, uvute kuona kama damu inaingia, ndipo usukume polepole. Katriji moja, kile kichupa cha dawa kinachopachikwa kwenye bomba, ni dakika nzima au zaidi. Kuna wanaoimaliza kwa sekunde kumi, halafu wanashangaa mgonjwa anaruka.

Swali "imeshika?" nalo halina maana. Mdomo kufa si jino kufa. Chukua kichokoo, penyeza kwenye fizi pande zote mbili za jino, kisha lisukume jino lenyewe.

#8 TabibuWaKata
Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu kusubiri. Lakini kama ni ufundi tu, kwa nini mtu yuleyule, mkono uleule, akichoma gego zima linalotolewa kwa ajili ya kupanga meno linatoka bila kelele, na lenye kidonda ndani linagoma?

#9 MzeeWaKoleo
Marahaba. Hapo umenibana kidogo. Wasomi wanasema neva iliyoumwa wiki tatu si ile uliyozaliwa nayo. Inaongeza milango ya aina nyingine ambayo lignokeini haiifungi vizuri, na ubongo wenyewe umeshakuwa mkali. Nalikubali hilo. Bado nasema subirini.

#10 Pwani_Raha
Salaam aleikum jamani. Mie niko Mombasa, humsaidia daktari wa meno, vyombo vyote hupita mkononi mwangu. Kuna neva nyengine hamjaitaja. Kuna watu gego lao la chini hupata tawi dogo kutoka upande wa ulimi, neva ya misuli iliyo chini ya ulimi. Ile sindano ya nyuma huikosa. Daktari wetu jino likigoma hudunga kidogo upande wa ndani, chini ya jino la nyuma yake, na mara nyingi huisha hapo. Mara nyingine vilevile huwa wapi.

Kuna pia watu mfereji wa neva ndani ya taya umegawanyika mara mbili. Huyo hata umdunge mpaka kesho.

#11 BwanaFisi
Kwa hiyo Kandambili ana nyaya mbili. Mita moja, matumizi ya nyumba mbili.

#12 Kandambili
Hahaha Fisi una laana.

#13 Mbeba_Boksi
Huku Ujerumani hawatumii lignokeini sana, wanatumia artikeini. Ilianza hukuhuku 1976. Ni asilimia 4, inapenya mfupa vizuri, gego la chini unaweza kuchomewa pembeni tu likafa. Bongo mko nyuma.

#14 TabibuWaKata
#13 ipo hata huku mkuu, kwenye kliniki za mjini, bei ndiyo tatizo. Na kuwa asilimia 4 kuna upande wake wa pili. Kila mililita ina miligramu 40 badala ya 20, kwa hiyo unafika kikomo kwa katriji chache zaidi. Chini ya miaka minne haipendekezwi. Na kuna ubishi wa miaka mingi kama ikichomwa kwenye ile neva kubwa ya nyuma inaongeza hatari ya ulimi au mdomo kubaki na ganzi kwa wiki au miezi. Wengine wanaitumia pembeni ya jino tu.

#15 KindaLaNjiwa
Ganzi si ni kokeini hiyo jamani? Ndiyo maana inaishia na "keini". Kandambili umepigwa unga kihalali.

#16 MzeeWaKoleo
#15 umekosea, ila hujakosea sana. Ya kwanza kabisa ilikuwa kokeini kweli. 1884 Carl Koller wa Vienna aliiweka machoni, mwaka uleule daktari wa upasuaji wa Marekani, William Halsted, akaichoma kwenye neva ya taya la chini. Sindano aliyochomwa Kandambili ni mjukuu wa ile. Halsted alijijaribia mwenyewe mpaka akawa teja. Baadaye Einhorn akatengeneza prokeini, ile watu wa zamani waliita Novocain. Lignokeini ni ya Msweden Nils Löfgren, 1943, ikaingia sokoni 1948. Haileweshi.

#17 NyanyaChungu
Mimi nina aleji na ganzi. Nilichomwa, moyo ukaenda mbio kama nimekimbizwa na mbwa, mikono ikatetemeka, nikaona giza. Tangu siku hiyo kila kadi yangu imeandikwa ALEJI. Natembea na shimo kwenye jino mwaka wa pili.

#18 Pwani_Raha
Pole sana dada. Lakini hiyo niijuavyo si aleji. Ndani ya katriji mna lignokeini na adrenalini kidogo, hubana mishipa ya damu ili dawa ikae. Ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, au ukiwa na woga wako mwenyewe, moyo huruka dakika chache kisha hutulia. Ndiyo maana mzee hapo juu #7 akasema vuta kwanza uone damu. Kuona giza nako wengi ni woga na njaa. Huja hawajala tangu jana kwa hofu! Sie huwalaza chali, miguu juu, hurudi.

Aleji ya kweli ni vipele, kuwashwa, uso kuvimba, kubanwa pumzi. Ya lignokeini yenyewe ni nadra sana. Wengine huwa na shida na kihifadhi cha salfaiti kinachowekwa kulinda adrenalini, na ipo ganzi isiyokuwa nayo. Usijiamulie, wala usinisikize mie, omba upimwe na mtaalamu ili neno hilo lifutwe au lithibitishwe.

#19 NyanyaChungu
Kweli sikuwa nimekula. Na natumia propranololi ya kipandauso, inahusika?

#20 MzeeWaKoleo
Inahusika sana, mwambie daktari kabla hajafungua katriji. Propranololi na adrenalini vikikutana presha inaweza kupanda ghafla. Si kwamba hutachomwa, ila atatumia kidogo, polepole, au ganzi isiyo na adrenalini.

Kandambili, wewe una presha au ugonjwa wowote? Uliulizwa?

#21 Kandambili
Presha ninayo mzee, amlodipini kila asubuhi. Sikuulizwa. Na mimi sikusema, nilijua ni jino tu.

#22 MzeeWaKoleo
Haya sasa. Katriji zetu nyingi ni mililita 2.2, adrenalini moja kwa 80,000 (gramu moja ndani ya mililita 80,000), kila katriji ina mikrogramu 27.5. Ulipigwa nne, ni 110. Mtu mzima wa afya kikomo kinachofundishwa ni 200. Mwenye moyo mbovu au presha isiyotulia ni 40, yaani katriji moja na nusu haifiki. Kama presha yako imetulia hukuwa karibu na kaburi, usije ukaenda kumtisha mwenzio. Lakini kukupima kabla ni dakika mbili.

#23 ChumaChaReli
Sasa si bora wasiweke kabisa hiyo adrenalini?

#24 TabibuWaKata
Ndivyo wengi tunavyofanya vijijini kwa lazima. Siku nyingine katriji hakuna, unachukua lignokeini tupu ya kichupa kikubwa cha wodini na bomba la cc tano. Tatizo, ikichomwa pembeni ya jino, jino linakufa ganzi dakika tano hadi kumi basi, damu imeshaibeba. Unang'oa mbiombio. Jino likivunjika mzizi ukabaki, mgonjwa anaanza kuhisi katikati ya kazi, unaongeza nyingine, na nyingine. Na maumivu yenyewe yanamwaga adrenalini ya mwili kuliko ile ya katriji. Kwa hiyo kuitoa si lazima kuwe salama zaidi.

#25 mama_Nuru
Naomba niulize la mtoto. Nuru ana miaka mitatu, kilo 14. Alichomwa katriji mbili nzima kung'oa meno manne. Ilikuwa sawa? Alirudi nyumbani akalala vizuri, lakini jioni akaanza kujitafuna mdomo. Asubuhi mdomo umevimba, una kidonda cheupe, nikakimbia hospitali nikidhani ni usaha. Kumbe amejing'ata mwenyewe bila kuhisi. Hakuna aliyeniambia nimlinde.

#26 TabibuWaKata
Pole mama. Mdomo unabaki na ganzi saa tatu mpaka tano tangu sindano, jino likiwa limeshaisha zamani. Mtoto anaona kitu kigeni, anakitafuna. Asipewe chakula kigumu mpaka ganzi iishe, na umkalie macho. Kile cheupe mara nyingi si usaha, ni kidonda kinapona.

Hesabu: kikomo cha lignokeini ni miligramu 4.4 kwa kilo, mara 14, ni miligramu 61.6. Katriji ina miligramu 36, mbili ni 72. Walizidisha kidogo.

#27 Pwani_Raha
#26 Tabibu hapo umehesabu katriji ya mililita 1.8, ya Kimarekani. Mzee amesema zetu ni 2.2. Mara 20 ni miligramu 44. Mbili ni 88. Hiyo si kuzidisha kidogo.

#28 TabibuWaKata
Kweli, nimeteleza. Asante. 88.

#29 Mbeba_Boksi
Lakini 4.4 ni ya zamani. Lebo za Marekani zinaruhusu 7 kwa kilo kama ina adrenalini, isizidi 500. Mara 14 ni 98. Kwa hiyo mtoto alikuwa ndani ya kipimo. Msimtishe mama wa watu.

#30 MzeeWaKoleo
Mimi na wengi niliofanya nao kazi tunashika 4.4, iwe na adrenalini isiwe nayo, mtoto hasa. Mtoto hasemi "masikio yanavuma", hasemi "mdomo una ladha ya chuma", na hizo ndizo dalili za kwanza dawa ikizidi kwenye damu. Mtu mzima atakwambia, au utamwona anaongea ovyo, anatetemeka. Mtoto utaona amelala tu, umshukuru Mungu katulia, kumbe ndiyo anaelekea kwenye degedege. Mpime kilo. Meno manne kwa siku moja ya nini? Toa upande mmoja, arudi.

Mama Nuru, mwanao amepona, usilale na wazo hilo.

#31 Mbeba_Boksi
Sawa mzee, lakini "tunashika" si ushahidi.

#32 MzeeWaKoleo
Na lebo si mtoto.

#33 BwanaFisi
Sindano zimeanza kuchomwa bila kuvuta damu humu.

#34 ShangaziKidevu
Mnanikumbusha mbali. Mwaka juzi nilichomwa gego la chini, dakika mbili jicho la upande ule halifungi, mdomo umeenda kombo, chai inamwagika. Mume wangu akapiga simu kwa shehe, dada yangu akapiga kwa mchungaji. Wakasema kiharusi, wengine upepo mbaya. Daktari naye alikuwa anajifuta jasho, ila akanifunga jicho kwa plasta, akaniambia nikae benchi. Saa nne baadaye uso ukarudi wenyewe, shehe akiwa ndiyo anashuka kwenye bodaboda.

#35 TabibuWaKata
Hahaha pole shangazi. Sindano ilikwenda nyuma mno, dawa ikaingia kwenye tezi ya mate ya shavuni, mle inapita neva ya uso. Ikiisha ganzi inaisha. Kufunga jicho alifanya vizuri, lingekauka.

#36 ShangaziKidevu
Nauli ya shehe nani analipa?

#37 KindaLaNjiwa
Jamani mimba miezi mitano, naweza?

#38 Pwani_Raha
Miezi ya katikati ndiyo wakati mwema, lignokeini hutumika kwa wajawazito. Mweleze daktari tu, na usilale chali kabisa, jiinue upande wa kushoto kidogo. Jino lenye usaha ndilo baya kwako kuliko sindano.

#39 ChumaChaReli
Turudi kwenye feki. Mimi najua jamaa anasambaza dawa, maboksi yanashinda kwenye buti la gari jua la Dodoma. Hiyo si inaharibika?

#40 TabibuWaKata
Adrenalini ndiyo inayoharibika kwa joto na mwanga, lignokeini yenyewe ni ngumu. Kwa hiyo ya buti la gari ingeshika halafu iishe mapema. Ya Kandambili mdomo ulikufa mchana kutwa. Hailingani.

#41 ChumaChaReli
Nyie watu wa afya hamtakubali dawa mbovu hata iwe ya bluu.

#42 MzeeWaKoleo
Ikibadilika rangi ikawa ya kahawia, tupa. Kipira kimechomoza, tupa. Katriji iliyobaki nusu kwa mgonjwa mwingine, hata kwa sindano mpya, hapana kabisa, maana ukivuta, damu yake imeingia mle. Hilo nimeliona kwa macho yangu na nisingependa kusema wapi.

Nyongeza kwa vijana: mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo kwa uvimbe, kuna njia ya kuchoma taya likiwa limefungwa. Aliivumbua Mwafrika mwenzetu, Akinosi wa Nigeria, 1977.

#43 Mbeba_Boksi
Vazirani alishaiandika 1960. Ndiyo maana inaitwa Vazirani-Akinosi.

#44 MzeeWaKoleo
Wewe boksi hubebi, unasoma tu.

#45 Kandambili
Mrejesho wakuu.

Nimerudi leo, siku ya sita. Kijana yuleyule. Nikamwambia nina presha, akanipima, 138 kwa 86, akaandika. Kabla ya kwenda nilikuwa nimekunywa ibuprofeni saa moja nyuma, alinielekeza kwa simu. Nikala uji. Akachoma moja nyuma, safari hii niliona mkono wake umepanda juu zaidi, na aliisukuma polepole mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya dari. Kisha akaniacha kwenye kiti dakika kumi na tano, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Aliporudi akachokoachokoa fizi, nikahisi kidogo upande wa ulimi. Akachoma tone upande wa ndani. Akatikisa. Nikasikia mgandamizo, mlio kama mtu anavunja muwa, basi. Limetoka na mizizi yote miwili. Nimelifunga kwenye karatasi.

#46 TabibuWaKata
Hongera. Usaha ulipungua, tulisema.

#47 MzeeWaKoleo
Alichoma juu na akasubiri. Soma #7.

#48 Pwani_Raha
Upande wa ulimi! Upande wa ulimi!

#49 ChumaChaReli
Jumamosi ulikunywa?

#50 Kandambili
Sikunywa.

#51 ChumaChaReli
Basi.

#52 BwanaFisi
Shemeji anasemaje?

#53 Kandambili
Anasema sindano mbili kwa jino moja bado ni muoga, yeye alichomwa mbili pia lakini vidogo.

#54 mama_Nuru
Jamani na hili la kung'oa la juu macho yanapungua nuru, ni kweli? Mama mkwe amenikatalia.

#55 MzeeWaKoleo
Anzisha uzi wake mama, hapa nimeshachoka.